Piano Chini ya Uwele

Jioni hiyo Loisi alikuwa amefunua kilindo cha nafaka ili achote uwele wa kutwanga. Mlenda ulikuwa unachemka upande wa pili wa tembe na kata alikuwa nayo mkononi. Alichota mara ya kwanza. Alipoinama kuchota mara ya pili, akasikia piano ikipigwa chini ya uwele. Ilianza na sauti nene, ikapanda moja moja mpaka nyembamba, ikashuka, ikapanda tena, na kila ilipokaribia juu sauti moja ilichelewa kidogo, kama mbuzi mvivu anayesubiriwa na wenzake mlangoni.

Loisi alimaliza kuchota, kwa sababu mlenda haumngoji mtu. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando ya kilindo na kusikiliza. Sauti ile iliyochelewa aliijua. Mumewe Elieza alikanyagwa na ndama utotoni alipokuwa akichunga, na kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kikaunga kimepinda. Mwaka wa pili huu Elieza alikuwa Ujerumani.

"Mama," Loisi alimwita mama mkwe wake. "Elieza yumo humu."

Bibi Zipora alikuja akijifuta mikono, akainamisha sikio juu ya nafaka, akasikiliza kama anavyosikiliza mtu anayejua ngoma. Tangu ujana wake alikuwa akipiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana kati ya magoti, na katika kijiji chao kizima cha Miyuji hapakuwa na harusi iliyoanza kabla yeye hajakaa.

"Mkono wa kushoto unalegea," alisema. "Hawamlishi vizuri huko."

Kisha akarudi kwenye mlenda.

Elieza aliondoka na garimoshi mwaka mmoja baada ya reli kufika Dodoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na Jumapili alipiga kinanda cha kanisa, kile kinachokanyagwa kwa miguu na kuhema kama mzee anayepanda mlima. Kabla ya kinanda alikuwa amepiga ilimba, marimba ya vidole, tangu alipokuwa na umri wa kuchunga. Akapita Mjerumani mmoja, mtaalamu wa lugha, akikusanya maneno ya Kigogo. Alimsikia Elieza akizungumza, akasema Kigogo chake ni safi. Alimsikia akipiga, akasema mikono ile si ya kufia kwenye kinanda kile.

Walikubaliana hivi. Elieza angekwenda kwenye chuo kikuu cha mji wa yule bwana. Asubuhi angewafundisha wanafunzi Kigogo, na alasiri angefundishwa piano. Akifaulu mtihani wa kupiga mbele za watu angepewa cheti, arudi awe mwalimu wa muziki kwenye shule ya walimu iliyokuwa ijengwe kwenye vichaka vya Chimwaga, ambako wakati huo walikaa kanga na nyoka tu. Majirani walisema Elieza amefuata Ulaya. Loisi alijua kwamba amefuata piano, na kwamba kuna mahali duniani zilipo nyingi, na kwamba mtu aliyekwisha kusikia habari hiyo hawezi tena kulala vizuri.

"Nenda," alimwambia. Tumbo lake wakati ule lilikuwa limeanza kuonekana. "Lakini urudi ukiwa mwalimu, usirudi ukiwa hadithi."

Mtoto aliyezaliwa walimwita Ruthu.

Kilindo kilikuwa na tabia zake, na haikuchukua muda watu wa nyumbani wakazizoea. Lilikuwa pipa kubwa la gome la mti, limesimama kwenye kona ya tembe tangu enzi ya baba yake Elieza, Matonya, na lilimfika mtu mzima kifuani. Baada ya mavuno, likiwa limejaa, piano ilisikika kwa mbali, kama mtu anayeongea na ugali umemjaa mdomoni. Uwele ulipopungua, sauti ilisogea. Miezi ya njaa, mvua ikiwa inanyesha na chakula kipya bado kiko shambani, Elieza alisikika kana kwamba amekaa mle mle ndani: kikohozi chake, kiti chake kinacholia, na sauti ya mwalimu wake akihesabu kwa Kijerumani, ains, tswai, drai. Elieza mwenyewe hakusema neno. Kule alikuwa mwanafunzi, na aliyezungumza ni mwalimu peke yake.

Basi Loisi akawa mkarimu. Mgeni aliyepita alipewa uwele. Mishi, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akileta asali na samli, alibadilishiwa kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe alikionea haya.

"Wee Loisi, utakula nini mwakani?" Mishi aliuliza.

"Mwakani ni mbali."

"Kwenu Ugogo mwakani si mbali. Mvua zenu nazijua." Mishi alitega sikio kwenye kilindo, akatikisa kichwa. "Leo anapiga kwa huzuni. Haya, nipe, lakini nitakuwekea akiba kwangu."

Watu walimsifu Loisi kwa moyo wake wa kutoa. Hakuwasahihisha. Alimtamani mumewe kwa namna isiyo na adabu hata kidogo, mchana kweupe, akiwa shambani na jembe mkononi, na kama dawa ya hamu hiyo ilikuwa ni kugawa uwele, aliona afadhali uwele uishe.

Mwalimu Bartolomayo wa misheni alikuja kukagua, maana alikuwa amesikia kwamba katika nyumba ya Kikristo kuna kitu kinacholia ndani ya nafaka. Bahati nzuri siku ile Elieza alikuwa akipiga wimbo wa kanisani. Bartolomayo alisimama amevua kofia mpaka ukaisha. Alisema haoni ubaya, ila aliomba kilindo kifunikwe Jumapili asubuhi, kwa sababu baadhi ya waumini walikuwa wameanza kusali hapo badala ya kufika kanisani. Ruthu alipoanza kusema, alikiita kilindo baba, na hakuna aliyeona sababu ya kumkataza.

Sasa, Wagogo wana desturi moja. Mtu akipiga ilimba mbele yako, humwachi peke yake. Akifika mahali pa kupumua unaitikia, mwingine anaingia juu yako, na mwingine juu yake, na mpigaji anaweka mikono chini kusubiri mpaka mmalize, ndipo aendelee. Maiti peke yake ndiye anayepigiwa asiitikie. Kumsikiliza mpigaji kimya kimya, umekaza macho, ni kumwambia kwamba hapo alipo hana watu.

Bibi Zipora alivumilia kwa muda. Jioni moja hakuweza tena. Elieza alikuwa amefika mahali pa kupumua, na bibi, akiwa bado na ungo mapajani, akauweka chini, akabana muheme kati ya magoti, akaitikia. Piano ikanyamaza. Kikapita kitambo cha mtu kumeza mate. Kisha Elieza akarudia pale pale alipoachia, kwa haraka kidogo, na katika haraka ile Loisi alisikia mtu anayecheka. Akaimba. Elieza alisubiri, akaendelea.

Tangu hapo wakawa wanaitikia kila jioni. Loisi alijaribu kuzungumza naye pia. Alimweleza kuhusu Ruthu, kuhusu ng'ombe mweusi aliyekufa, kuhusu paa lililovuja. Akamwuliza atarudi lini. Elieza hakuonyesha kusikia. Alijaribu kuyaweka maneno ndani ya wimbo, na wimbo ulipita, lakini maneno yalibaki juu ya uwele kama makapi. Mwisho akaacha maneno. Aliimba sauti tupu, na Elieza alipoijibu, kila mmoja wao akaelewa alichoweza.

Siku ya mtihani waliijua kwa wingi wa vikohozi. Ilikuwa miezi ya njaa, uwele umebaki kiganja tu chini ya pipa, na ndani ya kilindo kulijaa watu: viti vilikokotwa, nguo nzito zilipitana, mtu alipenga kamasi. Wakapiga wengine kwanza. Kila mmoja alipomaliza, makofi yalitoka kwenye kilindo yakawarusha kuku.

"Kimya kabisa hawa," Bibi Zipora alisema. "Mtoto wa watu anapiga, nao wanamtazama kama ng'ombe anayezaa."

"Ndiyo desturi yao, mama. Leo tusiitikie. Leo ni mtihani."

"Mwanangu apige mbele ya umati asiitikiwe? Nitakuwa nimezaa nini?"

"Leo tu, mama. Nakuomba."

Bibi Zipora akakubali. Lakini muheme ulikuwa tayari kati ya magoti yake.

Kiti kililia, Loisi akajua amekaa. Elieza akaanza. Mkono wa kushoto haukuwa umelegea hata kidogo. Loisi alikuwa amemsikia akijifunza wimbo ule tangu kupanda mpaka kupalilia, vipande vipande, akikosea na kurudia, na sasa aliusikia mzima, umesimama kwa miguu yake. Alifurahi mpaka akaumia. Hata kidole kile kibovu kilifika kwa wakati. Kisha Elieza akafika katikati, mahali pa kupumua, na Loisi akaziba mdomo kwa mkono.

Bibi Zipora alipiga mara moja, polepole, kama anayebisha hodi. Loisi alitaka kumzuia. Alipoondoa mkono mdomoni ili aseme, ikatoka sauti ya kuitikia.

Waliitikia kama hawajawahi kuitikia. Mishi, aliyekuwa amekuja na samli, akaingia juu yao, ingawa ule haukuwa wimbo wa kwao. Majirani waliokuwa mlangoni wakaingia juu ya Mishi. Elieza aliwasubiri wote. Walipomaliza, akaupokea wimbo, akaufikisha nyumbani.

Baada ya hapo kilindo kilikaa kimya. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha.

"Wamenyamaza kwa heshima," alisema Mishi. Wakaridhika na hilo, wakachinja mbuzi.

Mavuno yalifika na Elieza hakufika. Kila garimoshi la kutoka pwani lilipoingia, Loisi alikuwepo stesheni na Ruthu mgongoni, akatazama waliokuwa wakishuka mpaka wanaisha. Piano haikusikika tena. Alidhani ni kwa sababu kilindo kimejaa.

Baadaye aliletwa Dodoma Bwana Shauri mpya, mtawala wa Kijerumani wa wilaya, kijana mwenye ngozi iliyokuwa bado haijazoea jua. Alikuja Miyuji na askari wawili, akawaita watu barazani, akavua kofia, akakohoa kikohozi kifupi, akasalimia.

"Mbukwenyi."

Watu wakaitikia salamu. Loisi alikuwa nyuma, kati ya wanawake, na miguu yake ikaanza kwenda mbele bila yeye kuituma. Kijana alikuwa akizungumza Kigogo cha Elieza. Hakikuwa Kigogo chochote tu. Alikuwa akivuta maneno mahali Elieza alipoyavuta, na kabla ya jambo zito alikohoa kikohozi kile kile cha Elieza. Wapo waliogeuka kumtazama Loisi, wakageuza nyuso haraka, kwa adabu.

"Tusikimbizane, jua bado lipo," alisema kijana. Elieza alikuwa akiwaambia hivyo watoto wa shule walipogombania mlango. "Natafuta wanaume wa kubeba mizigo ya serikali. Kila tembe itoe mmoja. Asiyetoa atachapwa viboko mbele ya tembe yake."

Akaeleza yote vizuri, kwa utulivu, bila mkalimani. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuelewa.

Walipotawanyika Loisi alimwendea.

"Mbukwenyi, bwana. Aliyekufundisha lugha ni mume wangu."

"Wewe ndiye Loisi." Kijana alimtazama kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekuta ndugu ugenini. "Hatukuwahi kuwa na msaidizi kama yeye pale chuoni. Hajambo. Ana koti zuri."

"Msaidizi? Si mwalimu?"

"Mwalimu ni profesa. Elieza huja darasani, huzungumza, nasi tunafuata. Ni yeye anayetufundisha, lakini anaitwa msaidizi."

"Na mtihani wake wa piano?"

Kijana alikohoa kile kikohozi.

"Nilikuwepo. Mpaka katikati aliwapita wote. Kisha akaacha. Aliweka mikono mapajani, akainamisha kichwa, akatabasamu, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wazee wa chuo walisema amesahau. Walisema watu wa kwenu hukariri vizuri, lakini kuelewa ni jambo jingine."

"Hakusahau," Loisi alisema. "Alikuwa anatusubiri tumalize."

Kijana aliwaza kidogo.

"Nilidhani hivyo," alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu na piano. Nilisikia ngoma na wanawake."

"Uliwaambia?"

"Sikuulizwa."

Upepo ulipita, ukanyanyua vumbi la baraza, ukalirudisha. Loisi alihisi hasira, na chini ya hasira ile akakuta aibu. Kumbe kumwitikia ndiko kulikomponza. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, lakini wao walikuwapo, na lake ndilo lililopotea.

"Atarudi lini?"

"Chuo kinamhitaji. Kila mwaka wanakuja vijana wapya, wote wanataka kupangiwa kazi huku. Wamemkataza piano kwa sababu inamwondoa kwenye kazi yake. Lakini usiwe na wasiwasi, Loisi." Akavuta neno lile la mwisho kwa namna ambayo mwanamume mmoja tu alikuwa na haki nayo. "Tusikimbizane."

Kesho yake wanaume wa Miyuji waliondoka na mizigo vichwani.

Kilindo kilikuwa kimeanza kupungua tena pale Bibi Zipora alipomwita Loisi atoke uani. Kulikuwa na sauti ndani. Haikuwa piano. Ilikuwa ni kugonga, kukavu, kwa haraka, kama mvua ya kwanza juu ya ngozi iliyoanikwa. Loisi alikaa kwenye kigoda. Pigo moja lilichelewa.

"Anapiga juu ya meza," alisema.

Ulikuwa ni wimbo wa mtihani. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoka darasani, naye alikuwa amebaki kwenye meza ya kufundishia, akiupiga kwa vidole juu ya mbao, kwa ukamilifu wake wote, bila sauti hata moja ya juu wala ya chini. Alifika katikati, akaacha, akasubiri.

Bibi Zipora alishika muheme. Loisi akamzuia mkono.

"Tusimwitikie, mama. Tukimwitikia atazoea kuacha, na akiacha mbele za watu watasema amesahau. Labda watampa mtihani mwingine. Mwache ajifunze kupiga bila sisi."

Bibi Zipora hakubisha mara hii. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Wakakaa. Nje ng'ombe walikuwa wakiingia zizini, na moshi wa jirani ukapita chini ya mlango. Ndani ya kilindo hakuna kilichosogea. Hata kiti hakikulia. Ruthu alimtazama mama yake, akatazama kilindo, akamtazama mama yake tena. Elieza alikuwa ameweka mikono mapajani, Loisi aliweza kumwona vizuri kabisa, amekaa peke yake kwenye chumba chenye viti vitupu, ameinamisha kichwa na lile tabasamu, akisubiri watu wake. Ugali ukapoa. Giza likaingia ndani ya tembe. Hakuendelea.

Loisi akaimba. Aliimba sauti zote ambazo meza haikuwa nazo, za juu na za chini, na muheme ukaingia chini yake, na kugonga kukaanza tena, kukaufikisha wimbo mwisho.

Mwaka ule mvua ilikuwa njema, na mavuno yalikuwa makubwa kuliko ya miaka mingi. Loisi alipeleka uwele kwenye kilindo kingine, kidogo, cha mama mkwe, na uliozidi akauweka kwenye vyungu, na uliozidi vyungu akampa Mishi amtunzie. Kilindo kile cha kona alikifagia ndani mpaka gome likang'aa. Majirani walikuja wakaona kimesimama kitupu kati ya mavuno yote yale, wakasema ni busara kumwachia Elieza nafasi.

Asubuhi moja, jua likiwa limepanda, alikuwa amekaa kando yake akichambua mboga, wakati ambao kwa kawaida kilindo hakikutoa sauti. Akasikia viti vikikokotwa, viatu vingi, kikohozi kifupi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya garimoshi, akasikia mumewe akizungumza.

"Mbukwenyi," alisema Elieza.

Loisi alidondosha mboga, akainuka, akashika mdomo wa kilindo kwa mikono yote miwili. Lakini kabla hajafumbua kinywa, vijana wa darasa zima la Kigogo walikuwa wamekwisha kumwitikia, kwa sauti moja, vizuri kabisa.